Mota Yawaka, Taa Zafifia: Nani Alipe?

Kamina ni mji uliozoea mota. Reli inayotoka Lubumbashi hufika hapa kwa umeme wa volti 25,000; kutoka hapa kwenda Kananga na Ilebo, au kwenda Kabalo, kazi inashikwa na dizeli. Tangu 2015 mji huu ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, nchini Kongo. Na kama ilivyo katika kila mji unaokua, vinu vya unga, mashine za kuranda mbao, pampu za maji na mashine za kuchomelea vyuma huingia katika mitaa ambayo nyaya zake zilivutwa kwa ajili ya taa na redio. Mota kubwa inawashwa, taa za jirani zinafifia kwa sekunde kadhaa, kisha zinarudi. Kinachobaki ni ugomvi.

Ugomvi huo nimeuweka mezani kwa njia ya mjadala. Wasemaji wanne nimewatunga mwenyewe. Hesabu zao si za kutunga, na msomaji mwenye kalamu anaweza kuzikagua. Hoja yetu ni hii: *Mwenye mota kubwa ndiye alipie hasara ya taa za mtaa.*

JIRANI. Naiunga mkono hoja, na sitazunguka. Nina sekretaria: kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi, taa nne. Mteja analeta cheti cha kuzaliwa, nabonyeza, karatasi inaingia nusu, taa zinafifia, mashine inajizima na kuanza upya. Karatasi imekwama, mteja amenuna. Sihitaji mpelelezi. Wakati huohuo nasikia mota ya kinu ikivuma ng'ambo ya barabara. Aliyeharibu atengeneze.

MAMA WA KINU. Papa, mimi nawe tunanunua umeme kwa muuzaji mmoja. Nilipoomba fazi tatu nilitaja ukubwa wa mota yangu, kilowati 15, nikalipia kuunganishwa. Hakuna aliyeniambia kwamba nikibonyeza swichi nitakuwa mkosaji. Na hao wateja wako jioni wanakula bukari ya unga niliousaga mimi. Ukinizima, narudia injini ya dizeli, na bei ya kusaga itapanda kwa kila ndoo. Hapo hasara ya mtaa utailipa wewe?

FUNDI. Ninyi wawili mnashindana kwa masikio na macho. Ngoja niweke namba. Mota ya kilowati 15 ikishachanganya, kwenye umeme wa volti 400, inakula kama ampea 29. Lakini ikiwashwa moja kwa moja, bila kifaa cha kupunguza mkondo, inavuta mara tano hadi saba ya hizo. Tuchukue mara sita, ni ampea 170 na zaidi kidogo. Hali hiyo hudumu mpaka rota ishike kasi. Kinu cha nyundo kina gurudumu zito, kwa hiyo huchelewa kuchanganya kuliko pampu.

JIRANI. Umesikia, Mama? Mara sita! Mwandishi, naomba hukumu.

FUNDI. Taratibu, Papa. Mkondo peke yake hauzimi taa ya mtu. Unaizima ukikutana na njia dhaifu. Tuseme kabini ya mtaa ina transfoma ya kVA 100, ya aina iliyo ya kawaida, yenye asilimia 4 ya ukinzani wa ndani. Kuanza kwa mota ya Mama kunaiomba karibu kVA 119. Asilimia 4 mara 119 gawanya kwa 100: volti zinashuka kwa asilimia 4.8, yaani kama volti 11 katika 230. Hizo zimepotea kabla umeme haujatoka kabini. Kisha kuna waya. Aluminiamu ya milimita za mraba 50, yenye urefu wa mita 200, itakula volti 9 nyingine. Jumla 20. Volti 230 za Papa zimekuwa 210.

JIRANI. Volti 20 tu ndizo zinazonisumbua hivi?

FUNDI. Taa ya waya wa kung'aa, ile ya zamani, mwanga wake haupungui sawasawa na volti. Unapungua haraka zaidi. Ukiiondolea asilimia 10 ya volti, umeiondolea kama asilimia 30 ya mwanga. Kwa volti 20 zako inapoteza zaidi ya robo, na hakuna jicho lisiloona robo. Taa ya mrija yenye balasti ya zamani inaweza kuzimika kabisa. Zile taa kubwa za sodiamu za barabarani ni mbaya zaidi, kwa sababu zikizimika husubiri dakika kadhaa zipoe ndipo ziwake tena.

MZEE WA RELI. Naomba nafasi. Nimezeeka nikitazama nyaya za treni, na mota ambayo mnaigombania ni mtoto mdogo mbele ya zile za kichwa cha treni. Kampuni ya reli ya BCK ilianza kuendesha treni kwa umeme mwaka 1952, kati ya Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Tenke. Ilikuwa miongoni mwa reli za mwanzo duniani kutumia umeme wa hezi 50, huuhuu wa nyumbani. Baadaye nyaya zikasogea mpaka hapa Kamina. Wahandisi wa reli za namna hiyo walijua tangu mwanzo kwamba treni ikichomekwa ovyo kwenye umeme wa watu itawasumbua wote. Wakafanya mambo mawili. Kwanza, treni ilipewa vituo vyake vya umeme, vikichota kwenye laini kubwa, mbali na taa za sebuleni. Pili, dereva wa vichwa vya zamani hakuwa na ruhusa ya kuipa mota volti zote kwa mara moja. Alipanda hatua kwa hatua, na kila hatua iliongeza kidogo.

MAMA WA KINU. Sasa Mzee, unanitetea au unanihukumu?

MZEE WA RELI. Vyote viwili, mwanangu. Jambo la kwanza ni la mwenye laini: aliyekubali kukuuzia umeme wa kilowati 15 ajue kabini yake inaweza kuubeba. Jambo la pili ni lako: usiiamshe mota kwa kuishtua. Kufifia kwa taa ni jibu la kuzidisha, mkondo mara ukinzani wa njia. Mkondo una mwenyewe, na njia ina mwenyewe. Hoja ya leo inataka kumtoza mmoja kwa jibu lililotoka kwa wawili.

JIRANI. Hayo ni maneno ya busara, lakini kwenye kesi ya kweli nitajuaje kipi kimezidi? Mama atasema njia ni mbovu, na mwenye laini atasema mota ni kubwa.

FUNDI. Ndiyo maana tunapima. Multimeta ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa sababu tukio ni la sekunde chache na namba zinapita kabla hujazisoma. Tumia ile inayohifadhi thamani ya chini kabisa, pamoja na klampu inayoshika mkondo wa kuanzia. Pima sehemu tatu wakati mota inawashwa: kwenye kabini, na huko waingie wafanyakazi wa kampuni, si mimi wala ninyi, kwenye mita ya Mama, na kwenye vituo vya mota yenyewe. Tuseme mota haijawaka na kote ni 228. Inapowashwa kabini inaonyesha 217, mita 208, mota 190. Nani aniambie kasoro iko wapi?

MAMA WA KINU. Kutoka kabini mpaka mita, mita 200, zimepotea 9. Kutoka mita mpaka mota, ndani ya jengo langu, hatua chache tu, zimepotea 18?

FUNDI. Umeona mwenyewe. Waya mfupi hauli volti 18. Kuna kiungo kilicholegea, au meno ya kontakta yameungua, au shaba imefungwa na aluminiamu bila kiunganishi chake na kutu imeingia kati. Ukiwasha mota mara kadhaa halafu ukashika karibu na kiungo hicho, utasikia joto, na siku moja utasikia harufu ya moto.

JIRANI. Basi kumbe kosa ni la Mama kweli. Arekebishe kontakta, taa zangu zipone.

FUNDI. Hapana, Papa, na hapa mafundi wengi hudanganya wateja bila kujua. Volti 18 hizo zimepotea baada ya njia panda, pale waya wako na waya wa Mama zinapoachana. Zinamuumiza Mama peke yake. Nguvu ya mota ya kuanzia hupungua kwa mraba wa volti. Kwa volti 190 badala ya 208 amepoteza karibu moja ya sita ya nguvu ya kujiamsha, mota inachelewa kuchanganya, na koili zinaungua mapema. Akitengeneza, taa zako zitaendelea kufifia kwa kina kilekile au hata zaidi kidogo. Ila zitafifia kwa muda mfupi. Kinachokugusa wewe ni kile kilichopotea kati ya chanzo na njia panda.

MZEE WA RELI. Na njia panda haiko mahali pamoja kwa kila nyumba. Anayeishi pembeni ya kabini anapoteza zile volti 11 tu. Aliye mwisho wa laini, jirani na kinu, anapoteza 20. Ndiyo sababu watu wa mtaa mmoja hawakubaliani kama kuna tatizo.

JIRANI. Nyumbani kwangu kuna ajabu nyingine. Pampu ya maji ya ua ikiwashwa, taa za chumba kimoja zinafifia, za chumba kingine zinang'aa kupita kiasi. Hiyo nayo ni ya Mama?

FUNDI. Hiyo iache mara moja, ita fundi leo! Mota ya fazi tatu iliyo sawa haitumii waya wa nyutro. Taa moja ikififia huku nyingine iking'aa, na kinachowashwa ni mota ya fazi moja, shuku nyutro iliyolegea. Volti zinahama kutoka fazi moja kwenda nyingine, na upande unaong'aa utaunguza televisheni na friji. Hili ni jambo la hatari kwanza, halafu ndipo liwe la starehe.

MAMA WA KINU. Tumempata Papa na dhambi yake. Nami niseme yangu. Niliwahi kuwekewa stata ya nyota na pembetatu. Walisema mkondo utashuka mpaka theluthi. Mota ikavuma, haikuchanganya, ikarukia pembetatu kwa kishindo, taa za mtaa zikafifia kuliko mwanzo. Nikawaambia wafunge kama zamani.

FUNDI. Walikuambia nusu ya ukweli, Mama. Katika nyota mkondo kwenye laini unashuka mpaka theluthi, na nguvu ya kuamsha nayo inashuka mpaka theluthi. Kama kinu kilizimika na mahindi ndani, theluthi haitoshi. Ukirukia pembetatu wakati mota bado iko polepole, unalipa mkondo wote tena, na kishindo juu yake. Funga kidirisha cha mahindi kwanza, acha kinu kimalize kilichomo, zima. Ukiwasha tena kitupu, nyota itatosha, kisha weka saa ya stata irefuke mpaka kasi ikaribie ya kawaida. Hapo volti 20 za mfano wetu zinakuwa kama 7, na mwanga wa Papa unapungua kwa kama sehemu moja ya kumi. Ataona akikaza macho. Fotokopi yake haitaona.

MZEE WA RELI. Ni mazoea yale ya dereva wa treni. Hatoki na mabehewa mazito huku ameshika breki.

JIRANI. Kuna vifaa vipya, vya kuwasha mota polepole kwa elektroniki, na ile variata ya kubadili kasi ya mota. Kwa nini asinunue hivyo yakaisha?

FUNDI. Kile cha kuwasha polepole hupunguza mkondo mpaka mara tatu au nne hivi ya kawaida, lakini nacho kinapunguza nguvu ya kuamsha, hivyo kinu kitupu bado ni sharti. Variata ni bora zaidi: mota inaanza kwa mkondo unaokaribia ule wa kazi. Lakini ni ghali, inachafua wimbi la umeme kidogo, na vumbi la unga likijaa kwenye feni yake itakufa mapema. Ikifungwa chumba cha pembeni, chenye hewa safi, sawa. Ikifungwa juu ya gunia, usimlaumu aliyeitengeneza.

MAMA WA KINU. Na jenereta? Nikiwa na grupu langu, siwagusi watu.

FUNDI. Huwagusi, ila utajigusa mwenyewe. Jenereta ni njia dhaifu kuliko transfoma ya ukubwa huohuo. Volti zake zinaanguka zaidi mota inapoanza. Ukiwasha mota moja kwa moja, utahitaji jenereta kubwa mara mbili na nusu au tatu kuliko mota, na mafuta ya kuilisha.

MZEE WA RELI. Jambo hilohilo liko hata kwa mji mzima. Mtambo wa Kilubi, uliojengwa kwa ajili ya upande huu wa nchi katika miaka ya 1950, hauzidi megawati 10. Linganisha na laini ya Inga mpaka Kolwezi, iliyokamilika 1982, kilomita kama 1,700 za umeme wa mkondo mnyoofu. Mji unaolishwa na mashine chache ndogo huyumba kuliko mji ulioshikwa na gridi kubwa, kwa sababu kila mota inayoamka ni sehemu kubwa ya nguvu iliyopo. Wakati mwingine hata kasi ya mashine inashuka, si volti peke yake. Ndiyo maana ongezeni kipimo cha nne: mtu aliye kwenye kabini nyingine atazame taa zake wakati Mama anawasha. Zikififia na zake, kasoro iko juu ya kabini zote mbili, na kubadilisha transfoma ya mtaa itakuwa kutupa pesa.

JIRANI. Nimesikia. Lakini mimi nimebaki na nini cha kufanya, au nikae tu nikisubiri wakubwa?

FUNDI. Una zamu yako. Taa ya LED yenye draiva nzuri hufanya kazi hata volti zikishuka sana, kwa hiyo volti 210 haizioni. Zile za bei rahisi, ambazo ndani zina kapasita tu, zinafuata kila mtikisiko. Kwa kompyuta, weka betri ya akiba. Na ile stabilizata yako inayolia tak-tak haiponyi jambo hili. Inachelewa. Volti zikishuka inaanza kupandisha, na inapomaliza kupandisha mota tayari imechanganya, volti zimerudi, nawe umepewa volti nyingi kupita haki.

MAMA WA KINU. Mimi naahidi kuwasha kinu kitupu, na asubuhi niwashe kabla Papa hajafungua sekretaria. Hilo halinigharimu hata faranga. Viungo vyangu nitavikaza. Lakini transfoma sinunui. Siyo yangu.

JIRANI. Na kampuni ikichelewa? Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua umeme wa Kongo kwa wauzaji wengine baada ya miaka ya kampuni ya taifa, SNEL, kuuza peke yake, na ikaweka mdhibiti, ARE. Nikimwandikia mdhibiti leo, taa yangu itaacha kufifia kesho?

MZEE WA RELI. Haitaacha kesho, mwanangu. Lakini barua inayosema "taa zinafifia" na barua inayosema "kabini 217, mita 208, kuanza ampea 172" si barua moja. Ya kwanza ni manung'uniko. Ya pili inamlazimisha anayeisoma achukue kalamu ajibu kwa namba.

Sasa ni zamu ya mwandishi kutoa hukumu. Jirani ameshinda katika jambo moja: mwenye mota ana wajibu hata kama hakuvunja sheria. Mkondo wa kuanzia unatoka kwenye jengo lake, na sehemu kubwa ya dawa yake ni ya bei nafuu. Mama ameshinda katika jambo lingine: ukinzani wa transfoma na wa laini si mali yake, na hakuna haki ya kumtoza mteja kwa ajili ya njia aliyouziwa kama inatosha.

Wote wawili walishindwa pale walipodhani kwamba sauti ya mota inatosha kuwa ushahidi. Sikio linasema ni lini. Halisemi ni wapi. Fundi alitufundisha kwamba volti 18 zinaweza kupotea kinuni zisimguse jirani hata kidogo, na volti 11 zinaweza kupotea kabini ambako hakuna anayetazama. Mtaa usipopima utamtoza Mama gharama ya kontakta, taa zitaendelea kufifia, na kila mtu ataamini kwamba Mama alidanganya.

Jirani aliuliza swali gumu kuliko yote, nalo halina jibu zuri: afanyeje anayesubiri mwenye laini? Kwa sasa, mpangilio unaofaa ni ule unaoanza na kisichogharimu kitu. Kinu kiwashwe kitupu, saa zipangwe. Kisha viungo vikazwe pande zote, na nyutro ikaguliwe kabla ya kiungo kingine chochote. Kisha stata ya nyota na pembetatu iwekwe na irekebishwe saa yake. Ikishindikana, Mama aombe waya wake mwenyewe kutoka kabini, ambao katika mfano wetu ungemrudishia Jirani volti 9. Transfoma ya kVA 250, ambayo ingepunguza zile 11 mpaka kama 4 na nusu, ni ya mwenye laini, na iombwe kwa barua yenye namba.

Kwa hiyo hoja, kama ilivyoandikwa, imeanguka. Ninaipendekeza upya, na mtaa uipigie kura ikiwa hivi: *Mwenye mota alipie mkondo wa kuanzia kupita kiasi, mwenye laini alipie udhaifu wa njia mpaka njia panda, kila mwenye nyumba alipie kilichopotea baada ya mita yake, na asilipe yeyote kabla ya vipimo vinne kusomwa mbele ya wote.*